Nilizima baada ya kokteli mbili: ni kuchanganya pombe, au niliwekewa kitu?

SWALI: "Nina miaka 31, nimehamia Dar es Salaam kikazi kutoka Dodoma mwaka jana. Ijumaa tukitoka ofisini Posta tunapita Sinza, tunakula nyama choma na kunywa bia, na mara nyingine tunamalizia Masaki kwenye baa za kokteli. Bia nimezizoea, Kilimanjaro tatu kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku na narudi nyumbani vizuri. Mwezi uliopita tulianza Sinza saa 1 usiku, nikala mapema, nikanywa Kilimanjaro mbili. Saa 3 na nusu tukawa Masaki, nikanywa Long Island mbili ndani ya saa moja hivi. Zilikuwa tamu, wala sikusikia ukali. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka asubuhi. Wenzangu wanasema nilikuwa naongea na kucheza muziki kama kawaida, na wao ndio walionirudisha nyumbani salama. Mmoja anasema nilichanganya pombe, mwingine anasema niliwekewa dawa. Siku hiyo nilikuwa na mafua, nilimeza Piriton mchana na nyingine jioni. Nina kilo kama 58. Sitaki kuacha kutoka na wenzangu, ila sasa naogopa. Tatizo lilikuwa nini, na nifanyeje?"

JIBU: Dada, naona kinachokutisha zaidi ni zile saa zilizopotea. Uliongea, ulicheza, ulipanda gari, na wewe mwenyewe huna habari. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo tuanzie hapo, maana ukielewa kilichotokea kichwani mwako, maswali mengine yote yanapata majibu kirahisi.

Kuzima kumbukumbu si sawa na kuzirai. Aliyezirai yuko chini, hajibu. Aliyezima kumbukumbu anatembea, anajibu, anacheka, hata anaweza kulipa bili kwa simu na namba ya siri akaikumbuka. Mambo ya zamani yapo, na anachokisikia anakishika kwa dakika chache. Kinachokwama ni kuhifadhi. Kazi ya kuandika kumbukumbu mpya inafanyika kwenye sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, na pombe ikipanda haraka kwenye damu sehemu hiyo inasimama kazi wakati sehemu nyingine bado zinaendelea. Ndiyo maana wenzako hawakuona tofauti. Na ndiyo maana hata ukikaa ukajikamua vipi, saa zile hazitarudi, kwa sababu hazikuandikwa kabisa. Zingatia neno "haraka". Pombe ileile ukiinywa kwa saa sita huenda isikuzimishe, na ukiinywa kwa saa moja ikakuzima.

Sasa suala la kuchanganya. Karibu kila meza ya baa utaambiwa kwamba bia na pombe kali hazikai tumbo moja. Si kweli kwa maana wanayoisema. Pombe iliyomo kwenye bia, kwenye Konyagi, kwenye mvinyo na kwenye kokteli ni kitu kimoja, ethanoli, na mwili hauulizi imetoka chupa gani. Kuchanganya kunaleta madhara kwa njia nyingine: kunakuvuruga hesabu. Mtu aliyezoea kuhesabu chupa anaendelea kuhesabu glasi kwa kiwango kilekile, "nimekunywa nne tu", wakati glasi ya tatu na ya nne hazina undugu na mbili za kwanza.

Tufanye hesabu ya usiku wako. Njia ni hii: chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia ya pombe iliyoandikwa kwenye lebo, kisha zidisha kwa 0.8. Unapata gramu za pombe halisi. Kilimanjaro ya mililita 500 ina asilimia 4.5, yaani gramu 18 kwa chupa. Safari ya mililita 500, yenye asilimia 5.5, ina gramu 22. Konyagi ina asilimia 35, kwa hiyo hata kachupa kadogo ka mililita 200 kana gramu 56, ambazo ni Kilimanjaro tatu na zaidi kidogo. Toti moja ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 40 ina gramu 9 na nusu hivi, sawa na nusu ya Kilimanjaro yako.

Long Island ni ya aina yake. Ndani yake kuna pombe kali tano: vodka, jini, ramu nyeupe, tekila na likea ya machungwa, yaani pombe kali iliyotiwa sukari na ladha ya machungwa. Kwa kipimo cha kimataifa cha wahudumu wa baa kila moja ni mililita 15, jumla mililita 75. Hapo umeshapata karibu gramu 24 kwenye glasi moja. Halafu inakuja juisi ya limau, sharubati ya sukari, na kola ya kupaka rangi juu. Asidi na sukari vinafunika ukali, baridi ya barafu inaufunika tena, na ulimi unaripoti kwamba umekunywa soda ya limau.

Hicho ndicho kipimo cha haki. Lakini baa nyingi zenye watu wengi usiku wa Ijumaa hazipimi. Mhudumu anageuza chupa mbili mkono huu na mbili mkono ule, anahesabu kichwani, na muziki uko juu. Mkono ukikawia kidogo tu, mililita 15 inakuwa 25 au 30 kwa kila chupa. Kwa chupa tano, glasi inafika mililita 150 za pombe kali, karibu gramu 48, na glasi ya jirani yako kutoka mkono uleule ikawa na nusu yake. Mara nyingi hakuna nia mbaya hapo. Wateja wengi wanasifu baa "inayojaza", na mhudumu anadhani anakupendelea.

Kwa hiyo ulipofika Masaki, zile bia mbili zilikuwa zimeshaanza kutoka. Ini linachoma kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kinacholiharakisha: si kahawa, si maji ya kuoga, si supu ya pweza, si limau. Kilimanjaro moja inahitaji saa mbili hivi. Hiyo ndiyo siri ya zile tatu unazorudi nazo vizuri: saa 12 mpaka saa 6 ni saa sita, na ini lako linakwenda sambamba na mkono wako. Usiku ule, gramu 48 mpaka 96 ziliingia ndani ya saa moja, juu ya mabaki ya bia. Kwa uzito wako, hata tukichukua kipimo kidogo kabisa, makadirio yanafika miligramu 170 hivi za pombe kwa mililita 100 za damu. Sheria ya usalama barabarani Tanzania inamzuia dereva akizidi 80. Ulikuwa mara mbili ya hapo, na kama glasi zilimiminwa bila kupimwa, basi zaidi sana. Kiwango cha namna hiyo kikipanda kwa kasi kinatosha kabisa kuzima kumbukumbu bila msaada wa kitu kingine.

Mwili wa mwanamke nao una hesabu yake. Pombe inasambaa kwenye maji ya mwili, na kwa kawaida wanawake wana maji machache kuliko wanaume wa uzito uleule, kwa hiyo gramu zilezile zinatoa damu yenye pombe nyingi zaidi. Hilo halina uhusiano na uzoefu wala "kichwa kigumu". Kaka wa kilo 85 anayekunywa glasi kwa glasi na wewe yuko nyuma yako kwa mbali hata kama wote mnaonekana mnacheka sawasawa.

Na kile chakula? Ulikula mapema, ni vizuri, ila faida ilikuwa imepungua. Tumbo lenyewe linafyonza pombe kidogo. Kazi kubwa inafanyika kwenye utumbo mwembamba. Chakula chenye nyama na mafuta kinafanya mlango wa chini wa tumbo ujifunge kwa muda, pombe inashuka kidogo kidogo. Baada ya saa mbili tatu chakula kimeanza kushuka, mlango uko wazi, na kokteli inapita moja kwa moja. Kumbe sahani ya pili ndogo, mishikaki miwili au ndizi za kuchoma kabla ya glasi ya kwanza ya Masaki, ingekusaidia kuliko kilo nzima ya saa 1 usiku.

Sasa nifike kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita, na ambalo mimi ningeliweka juu kabisa: Piriton. Ile ni dawa ya mzio ya kizazi cha zamani, inaingia kwenye ubongo na kuleta usingizi, na inakaa mwilini muda mrefu, hata mpaka kesho yake. Pombe nayo inapunguza kasi ya ubongo. Zikikutana hazijumlishwi tu, zinasukumana: usingizi unazidi, umakini unashuka, kumbukumbu inafifia, na kwa kiwango kikubwa hata pumzi inaweza kulegea. Kwa hiyo uliingia Sinza ukiwa umeshapungukiwa kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa. Ukiwa na mafua, mwulize mfamasia dawa isiyoleta usingizi kama loratadine, na hata ukiipata, usiku huo achana na pombe. Angalia pia zile dawa za mafua za mchanganyiko, nyingi zina dawa ya jamii ya Piriton ndani pamoja na parasetamoli, na maandishi ya nyuma ni madogo mno. Dawa za usingizi, za kifafa, za maumivu makali kama tramadol, na Flagyl, zote haziendi na pombe.

Je, uliwekewa dawa? Kwa uaminifu, siwezi kukuambia hapana, na hakuna anayeweza kukuambia ndiyo. Dawa za namna hiyo zinatoka mwilini upesi. Baadhi hazionekani kwenye mkojo baada ya saa 12, nyingine baada ya siku tatu hivi, kwa hiyo mwezi mmoja baadaye kipimo cha mkojo au damu hakitakujibu. Ninachoweza kusema ni kwamba gramu ulizokunywa, kasi yake, na Piriton mbili vinatosha kueleza kila ulichosimulia. Na fahamu kwamba kitu kinachoongezwa mara nyingi zaidi kwenye glasi ya mtu ni pombe yenyewe, toti ya ziada usiyoiagiza. Dalili ya kuwekewa kitu ni kutolingana: umekunywa bia moja, baada ya nusu saa miguu haishiki, ulimi mzito, usingizi unakuangusha. Hali hiyo ikikupata au ikimpata mwenzako, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, apelekwe hospitali usiku uleule na aombe kupimwa mkojo wa kwanza atakaoutoa. Kama kuna wasiwasi wowote wa kuingiliwa bila ridhaa, hospitali ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, ili apewe dawa za kuzuia VVU na huduma nyingine. Fomu ya PF3 inatolewa polisi, na vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini hali ikiwa mbaya, matibabu kwanza. Na aliyefanyiwa hivyo hana kosa, awe amekunywa moja au kumi.

Tuje kwenye Ijumaa ijayo. Huna haja ya kuacha kutoka. Una njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza, baki na bia usiku kucha, hata Masaki. Ndiyo salama zaidi kwa sababu chupa ina kipimo chake, imefungwa, na wewe unajua mwili wako unaibebaje. Gharama ni kwamba utalipa bei ya Masaki kwa bia ileile ya Sinza, na pengine watakutania kidogo. Watazoea.

Ya pili, kunywa kokteli lakini chagua na uagize kwa maneno. Kaa kaunta badala ya mezani kama nafasi ipo, uione mikono ya mhudumu. Muulize, "Kaka, mnapima au mnamimina?" Baa inayojali kazi yake ina kile kikombe kidogo cha chuma chenye pande mbili, upande mmoja toti moja, upande wa pili toti mbili au moja na nusu. Swali hilo halimkwazi mhudumu anayejua kazi yake. Sema, "Nipimie toti moja tu, barafu nyingi, ongeza soda." Mojito ni chaguo zuri: kwa kipimo sahihi ina mililita 45 za ramu, juisi ya ndimu mililita 20, majani ya mnanaa, vijiko viwili vya chai vya sukari, na soda juu. Hiyo ni gramu 14, chini ya Kilimanjaro yako. Kokteli iitwayo Dawa, ile ya vodka, vipande vya ndimu, asali kwenye kijiti na barafu, nayo ni rahisi kuidhibiti kwa sababu ina pombe ya aina moja: ukiomba toti moja, umejua kilichomo. Usiogope barafu nyingi ukidhani unapunjwa. Glasi iliyojaa barafu inakaa baridi na barafu inayeyuka polepole, ila glasi yenye vipande vitatu kwenye joto la Dar, hasa miezi ya kaskazi, inageuka maji ya uvuguvugu ndani ya dakika kumi na unajikuta unaimaliza haraka ili isiharibike. Margarita, kokteli ya tekila, ni gramu 22 kwenye glasi ndogo, hesabu kama bia moja na robo. Long Island, kwa kilo 58, iache. Siandiki hivi kukutisha, hakuna namna ya kuinywa mbili kwa usiku mmoja na ukabaki na hesabu yako. Na mitungi ya kokteli ya kushirikiana mezani, ile yenye mirija mingi, huwezi kujua sehemu yako ni ipi.

Kama unachanganya kituo cha kwanza na cha pili, basi punguza Sinza. Bia moja na chakula, chupa ya maji ya nusu lita njiani, kisha Masaki kokteli moja ya toti moja, mishikaki, maji, na kama usiku bado mrefu ya pili baada ya saa moja na nusu. Maji hayatoi pombe mwilini, ila yanashika nafasi ya glasi mkononi, yanakuchelewesha, na yanarudisha unyevu ambao joto na pombe vinauondoa kwa pamoja. 

Ya tatu ni usiku bila pombe, na inawezekana bila maelezo yoyote kwa mtu. Ukifika, nenda kaunta kwanza peke yako, mwambie mhudumu, "Dada, mimi leo nikiagiza mojito niletee isiyo na pombe." Tangawizi yenye ndimu na barafu kwenye glasi ndefu haina tofauti na kokteli kwa macho. Siku ukiwa na mafua, iwe hii.

Suala la ofa linahitaji neno lake, kwa sababu ndilo linalowavuruga wengi wenye nia nzuri. Kwenye baa zetu mtu anaponunua mzunguko, chupa zinakuja hata kama yako imejaa nusu, na kukataa kunaonekana kama dharau. Njia ambayo haimuudhi mtu ipo tayari: "Asante sana kaka, niwekee kaunta." Mhudumu anaandika, bia inabaki kwenye friji ikiwa imefungwa, na ukitaka unaichukua siku nyingine au unampa mwenzako. Aliyetoa ofa ameheshimiwa, na wewe hujanywa. Mtu usiyemfahamu akikutumia kinywaji, pokea chupa iliyofungwa tu na ifunguliwe mbele yako. Glasi iliyokwisha miminwa, shukuru na iache. Ukienda chooni au kucheza, malizia kwanza au mwachie mtu unayemwamini. Ukirudi na hukumbuki kama ilikuwa machoni pa mtu, agiza nyingine. Chupa tupu nazo waambie wasiziondoe mezani mpaka mlipe, zinawasaidia kuhakiki bili, na zaidi ya hapo unaziona kwa macho umefikia wapi.

Kuna hatari moja ambayo hukuuliza lakini inaihusu kokteli kuliko bia: pombe kali bandia. Bia ni ngumu kughushi kwa sababu ya kizibo na gesi. Chupa ya vodka ya bei ghali inajazwa tena kirahisi, na kwenye kokteli tamu hutasikia tofauti. Hatari kubwa ni methanoli, ambayo haina ladha wala harufu ya kuitambua. Nchini Kenya, Mei 2014, makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyochanganywa nayo, na wengine walipofuka. Mwili unaigeuza kuwa asidi ya fomiki, inayoshambulia mshipa wa macho. Inachelewa kujionyesha: mtu anaamka kama mwenye uchovu wa kawaida, halafu baada ya saa 12 mpaka 24 macho yanaingiwa ukungu mweupe, tumbo linauma, pumzi inakwenda mbio. Uchovu wa pombe wa kawaida haugusi macho hivyo. Ukiona hivyo, hospitali kubwa mara moja, na sema wazi "nilikunywa pombe kali jana". Kuna tiba, na kila saa ina maana. Kujikinga, kaa na baa inayofungua chupa mpya mbele ya wateja, angalia stempu ya kielektroniki ya TRA karibu na kifuniko, unaweza kuikagua kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu, na kimbia bei iliyo chini mno kuliko baa za jirani. Gongo usiiguse popote.

Barafu nitaipitia haraka. Pombe ya kwenye kokteli haiui vijidudu, iko chini mno, kwa hiyo barafu ya maji machafu inabaki chafu. Vipande vya duara vyenye tundu katikati kwa kawaida vinatoka kiwandani. Mabonge yaliyovunjwa kwa nyundo yanatia shaka. Mhudumu anayechota barafu kwa glasi badala ya kijiko cha chuma anakuonyesha mengi: glasi ikimeguka humo, kipande chake hakionekani tena. Hapo agiza bia.

Kurudi nyumbani kupangwe mkiwa bado wazima, Sinza, kabla ya chupa ya kwanza. Mmoja kati yenu asinywe au anywe moja tu, mbadilishane kila wiki. Kama ni usafiri wa kuita kwa simu, linganisha namba ya gari kabla ya kupanda, kaa nyuma, mtumie mtu wa nyumbani kiungo cha safari. Bajaji ya dereva mnayemfahamu ni bora kuliko gari la mgeni. Bodaboda ukiwa umelewa, hapana. Abiria anayesinzia nyuma ya pikipiki anaanguka kwenye kona ya kwanza.

Wenzako walikurudisha, na hilo ni jema sana. Waelekeze na hili: mtu aliyelewa sana asilazwe chali. Alazwe ubavu, goti la juu limekunjwa, mdomo ukielekea chini ili akitapika asipaliwe, na mtu abaki naye, kwa sababu pombe iliyoko tumboni inaendelea kupanda hata baada ya kulala. Asinyweshwe maziwa, maji ya chumvi wala kahawa, asimwagiwe maji baridi. Akiwa haamki ukimtikisa na kumfinya, anavuta pumzi chini ya 8 kwa dakika au pumzi zinasimama kwa sekunde 10, ngozi ya baridi, midomo imebadilika rangi, au ameingiwa na degedege, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali.

Kwa upande wako, tukio moja lenye sababu zinazoonekana halihitaji daktari kama uko salama sasa. Muone daktari ana kwa ana kama utazima tena hata baada ya kupunguza, hasa kwa kiasi kidogo, kama kuna uwezekano kwamba usiku ule yalitokea mambo usiyoyajua mwilini mwako, kama una kisukari, homa ya ini, kifafa au unatumia dawa za kifua kikuu, au kama kuna ujauzito ama unautarajia, ambapo hakuna kiasi cha pombe kilicho salama. Na ukienda, mtajie vinywaji kwa jina na ujazo, pamoja na kila dawa uliyomeza siku hiyo, hata ile ya mafua.